Droo Ambayo Mama Asubuhi Hakuigusa

Saa kumi na moja alfajiri, kijiko kinagonga ukingo wa kikombe. Mara moja, mara mbili, mara tatu.

Katika chumba cha pili, binti wa miaka kumi na tisa anajigeuza kitandani na kuvuta shuka. Mlio huo anaujua tangu utotoni. Mama amemaliza sala, mama amekoroga chai, sasa ni zamu yake kuamka.

"Zamani alikuwa anakoroga kidogo tu, anagonga mara tatu, basi," anasema binti huyo huku akijifunga kitambaa kichwani. "Siku hizi anakoroga mpaka chai inapoa. Mimi huku ndani nasubiri. Naona hata sukari yenyewe imechoka."

Mama yake anatabasamu upande mmoja wa mdomo, kisha tabasamu linazimika. Ni mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi ili isianguke. Mumewe alifariki miaka sita iliyopita. Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa mfamasia katika duka moja la dawa, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Mama Asubuhi, kwa sababu zamu yake huanza saa moja asubuhi na kwisha saa nane mchana.

Leo amekoroga kwa muda mrefu kuliko siku zote. Ndani ya mkoba wake, kati ya kitabu kidogo cha sala na kitambaa cha kufutia miwani, kuna bahasha. Barua iliyomo ina ukurasa mmoja na ameiandika mara nne. Inakwenda kwa baraza linalotoa leseni za wafamasia.

"Wakiisoma, wanaweza kunivua koti jeupe," anasema. "Lakini yupo mtu mmoja anayetakiwa kuyasikia haya kwa kinywa changu kabla ya baraza. Mwaka mzima na zaidi nimekaa nayo kooni. Leo naenda kwake."

Binti anachukua kikombe kilichopoa, anakirudisha jikoni, anamletea kingine cha moto bila kuulizwa.

*

Duka la dawa liko kati ya kinyozi na fundi wa redio. Lina kaunta ndefu ya mbao, mizani ya kupimia watoto, na benchi ambalo mguu wake mmoja umewekewa kipande cha tofali. Kabla ya kufungua, Mama Asubuhi hufuta rafu zote kwa kitambaa chenye spiriti. Hufuta kutoka juu kwenda chini, akigeuza kila boksi ili tarehe itazame mbele.

Umakini wake unajulikana. Kuna mzee anayepanda vilima viwili na kupita maduka matatu ya dawa ili afike kwake. Miaka minne iliyopita Mama Asubuhi alimrudisha hospitali na karatasi yake ya dawa, kwa sababu dawa mbili alizoandikiwa zingepigana mwilini. Daktari aliyeziandika alimpigia simu kumshukuru.

"Huyu mama hakuuzii dawa, anakusoma kwanza," anasema mzee huyo akiwa amekaa kwenye benchi, akinyoosha goti. "Anakusoma kama gazeti, mpaka ukurasa wa vifo."

Asubuhi hii foleni ina watu tisa. Kijana mmoja anataka dawa ya kikohozi. Mama Asubuhi anamuuliza kama ana mzio, kama ana presha, na kama anatumia dawa nyingine yoyote, iwe ya hospitali, ya mitishamba au aliyopewa na jirani.

"Mama, mimi nimekuja kununua dawa ya kikohozi, sijaja kuposa," kijana analalamika. Foleni inaangua kicheko.

"Anayeposa huulizwa maswali machache kuliko haya," anajibu bila kuinua macho. "Nijibu."

Kijana anajibu. Inabainika ana pumu na hakufikiria kuisema. Anabadilishiwa dawa.

Swali hilo, la dawa nyingine yoyote, sasa anamuuliza kila mtu, hata aliyekuja kununua plasta. Kuna mtu mmoja ambaye hakumuuliza.

*

Ili kumwelewa Mama Asubuhi, lazima kurudi nyuma kabla hajawa mama wa yeyote.

Aliolewa akiwa na miaka ishirini na tano. Mwaka ukapita, ukapita wa pili, ukafika wa tisa. Mimba tatu zilitoka. Wifi zake walikuwa wema, anasema, na wema wao ndio uliomchoma zaidi, kwa sababu waliacha kuleta watoto wao wachanga nyumbani kwake ili wasimtoneshe.

"Usiku mmoja nilipiga magoti, nikamwambia Mungu: nipe mmoja tu. Ukinipa mmoja, mikono yangu hii haitampa mwanamke yeyote kitu cha kumzuia mwingine asije. Niliahidi hivyo. Hakuna aliyenituma."

Mwaka uliofuata alijifungua binti.

Aliporudi kazini alimweleza mwenye duka. Vidonge vya kupanga uzazi, sindano zake, na vile vya dharura, yeye hatavitoa. Mwenye duka alikuna kichwa. Alikuwa hana mfamasia mwingine, na huyu alikuwa mwaminifu. Wakakubaliana kwamba dawa hizo zote zitawekwa katika droo moja, ya chini kabisa upande wa kushoto, na atakayezitoa ni msaidizi wa duka, ambaye zamu yake huanza saa saba mchana.

Mwanamke akija asubuhi kuziuliza, Mama Asubuhi hakumdanganya kwamba zimeisha. Hakumtolea macho wala kumhubiria. Alimwambia kwa sauti ya chini: "Hizo ni za mwenzangu, mwanangu. Rudi saa saba."

Wanawake wa mtaa walizoea. Wakazipa jina: dawa za mchana. "Umeshachukua za mchana?" waliulizana kisimani na sokoni, na mwanamume akipita asijue kinachosemwa. Msaidizi naye akaitwa Mama Mchana.

"Tulikuwa kama jua na mwezi," anasema Mama Mchana, mwanamke mnene wa miaka arobaini na minne, mwenye kicheko kinachosikika hadi kwa kinyozi. "Yeye anafuta duka zima, akifika kwenye ile droo anairuka kama mtu anayeruka dimbwi. Nami nilimwachia. Kila mtu na Mungu wake. Ni mtu mwema. Mwanangu alipolazwa, alishika zamu yangu siku kumi na moja, na mshahara wangu akaniachia wote."

Katika siku hizo kumi na moja, anaongeza, droo haikufunguka. Wanawake walikwenda kwingine au hawakwenda kokote. Hakuna aliyewahesabu.

*

Mshonaji alikuwa mmoja wa wateja wa zamani. Ana miaka thelathini na moja. Alikuwa akishona sare za shule, nne kwa siku, na shule zikikaribia kufunguliwa alifikisha sita. Ana kifafa tangu ujana. Kila mwezi alifika asubuhi na karatasi ya kliniki kuchukua dawa za kifafa kwa Mama Asubuhi, na kila mwezi alirudi mchana kuchukua vidonge vya uzazi kwa Mama Mchana.

Hakuvitumia kwa kupenda kustarehe. Uzazi wa kwanza presha ilimpanda. Wa pili alipoteza fahamu siku mbili, na alipozinduka daktari alimwita yeye na mumewe, akawaambia kwamba mimba ya tatu inaweza kumuua. Mume wake, fundi bomba, mtu mkimya mwenye mikono mipana, alitoka nje ya wodi akatapika. Tangu siku hiyo ndiye aliyemkumbusha kidonge kila jioni.

Kwa miaka minne mambo yalikwenda sawa. Kisha dawa ya zamani ya kifafa ikaanza kushindwa. Mshonaji alianguka mara mbili kwa wiki moja, mara ya pili juu ya pasi. Kliniki ikambadilishia dawa.

Dawa ile mpya ni nzuri na imewasaidia wengi. Ila ina tabia moja ambayo kila mfamasia hufundishwa. Huliamsha ini likachapa kazi kupita kiasi, likavunjavunja vidonge vya uzazi kabla havijafanya kazi yake. Mwanamke humeza kila siku bila kukosa, na ni kama amemeza chaki.

Mama Asubuhi anaikumbuka asubuhi ile kwa mapana yake. Nje kulikuwa na manyunyu. Mshonaji alikuwa na uzi mwekundu umenasa begani. Alimweleza kila kitu: anywe baada ya kula, asiache ghafla, akiona vipele arudi haraka, asikae karibu na moto peke yake.

"Akanisikiliza vizuri. Akainamia kaunta, akaniuliza kwa sauti ndogo, 'Mama, na zile zangu za mchana, nitaendelea nazo hivyo hivyo?'"

Mama Asubuhi anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena.

"Nikainua mkono hivi." Anainua kiganja, kama askari anayesimamisha gari. "Nikamwambia, 'Hizo usiniambie mimi, mwanangu. Hizo muulize mwenzangu.' Nilisema kwa upole. Hata nilitabasamu."

Mchana mshonaji alimuuliza Mama Mchana, ambaye si mfamasia, na ambaye karatasi ya kliniki hakuiona. Mama Mchana alimjibu anachojua: "Meza kila siku, usiruke hata siku moja, utakuwa salama."

Na mshonaji hakuruka hata siku moja.

*

Miezi mitano baadaye alifika asubuhi na karatasi tofauti: vidonge vya damu na dawa ya presha kwa mjamzito. Mama Asubuhi aliisoma, uso ukamchangamka.

"Nikamwambia hongera," anasema. "Mimi, hongera."

Mshonaji alishika ukingo wa kaunta. Hakulia kwa sauti. Alisema maneno machache, na Mama Asubuhi anaweza kuyarudia yote: "Sikukosa hata kimoja, mama. Pakiti ninazo zote nyumbani. Nimezihesabu na mume wangu. Ananiambia nimefanya makusudi."

Hapo ndipo mfamasia alipotazama karatasi mkononi, akatazama rafu ya dawa za kifafa, kisha kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akatazama chini kushoto, kwenye ile droo.

"Nilijua papo hapo, kama mtu anayekumbuka ameacha jiko linawaka. Na unajua nilifanya nini? Nikamfungia dawa zake vizuri, nikamwambia Mungu yupo, akaenda."

Mwezi wa nane wa mimba presha ilipanda, mshipa wa kichwa ukapasuka. Mtoto alitolewa kwa upasuaji, wa kike, mzima, mwenye sauti. Mama yake alilala siku tisa. Alipoamka, mkono wa kulia haukuamka naye.

Mumewe alikuwa hospitalini siku zote tisa. Mkewe aliporudishwa nyumbani, alimweka kitandani, akamfunika, akachukua begi lake la zana, akahamia kwa kaka yake mtaa wa pili. Alimwambia maneno ambayo mshonaji ameyabeba tangu hapo: "Nilikuomba kitu kimoja tu, usife. Wewe ukaenda kutafuta kufa kwa siri."

Anaamini mkewe aliacha vidonge kwa makusudi ili apate mtoto mwingine. Pakiti tupu hazimshawishi. Vidonge vinaweza kutupwa chooni, anasema.

Hata hivyo, kila siku kabla hakujakucha, madumu mawili ya maji yanakutwa yamewekwa kwenye mlango wa mshonaji, vifuniko vimekazwa kiasi ambacho mkono mmoja unaweza kuvifungua. Mumewe hagongi na haingii ndani.

*

Kwa miezi tisa sasa Mama Asubuhi amekuwa akienda kwa mshonaji mara mbili kwa wiki, baada ya zamu. Alijifunza kwa mtaalamu wa viungo namna ya kuunyoosha mkono, kidole kimoja kimoja. Humwogesha mtoto. Watoto wakubwa wawili humwita bibi na kumwonyesha madaftari yao.

Mtaani wanamsifu. Mwenye duka amemsifu. Hata kwenye ibada jina lake limetajwa kama mfano wa huruma.

"Siku waliponitaja nilitamani ardhi ipasuke," anasema. "Kila aliyenishika mkono aliona nampelekea mgonjwa upendo. Mimi nilijua napeleka deni la mdomo."

Mama Mchana naye alikuja kuelewa siku moja alipomkuta mwenzake amepiga magoti mbele ya droo, ameifungua. Ilikuwa mara ya kwanza. Mama Asubuhi alitegemea kukuta vurugu, boksi zimepangwa ovyo. Alikuta karatasi safi imetandikwa chini, boksi zimepangwa kwa tarehe, zote zinatazama mbele, kwa mtindo wake mwenyewe.

"Nilikuwa namwiga yeye," anasema Mama Mchana, na safari hii hacheki. "Nilidhani siku moja ataifungua, nisitake aone aibu. Basi siku hiyo akaniambia kuhusu ile dawa ya kifafa. Nikakaa sakafuni. Nikamwambia, 'Dada, mimi ndiye niliyempa kwa mkono wangu.' Akasema, 'Ulimpa usichokijua. Mimi nilikijua, nikaziba masikio.' Tulikaa hapo chini wote wawili mpaka mteja akagonga kaunta akauliza kama duka limefungwa."

Tangu siku hiyo kuna daftari. Kila kinachotoka kwenye droo kinaandikwa, pamoja na dawa nyingine anazotumia mteja, na Mama Asubuhi hulisoma kila asubuhi kabla ya kufungua mlango. Mara tatu tayari amemtuma mtoto wa kinyozi kumwita mwanamke arudi. Wawili kati ya hao walikuwa kwenye hatari ileile.

Lakini kutoa kwa mkono wake? Anakitazama kiganja chake kwa muda.

"Bado," anasema. "Sitadanganya. Kila nikiunyoosha mkono namwona mwanangu. Nasema, je, nikivunja nadhiri, atakayelipa ni nani?"

Binti aliyezaliwa kwa nadhiri hiyo amelisikia hilo mara nyingi. Walilizungumza jikoni, wakimenya viazi.

"Nilimwambia, mama, mimi usinifanye kufuli la duka," anasema binti. "Halafu nikamuuliza, wewe kwa Mungu uliahidi nini hasa? Akasema, mikono. Nikamwambia, sawa, mikono ni yako na Mungu wako, mtaelewana. Lakini masikio uliyaahidi lini?"

Mama aliacha kisu kwenye kiazi. Usiku uleule alianza kuandika barua.

*

Saa nane na robo mchana. Mama Mchana, aliye kaunta tangu saa saba, anamtazama mwenzake akikusanya mkoba.

"Nije na wewe?"

"Hapana. Wewe baki na watu."

"Basi kunywa maji kwanza." Anammiminia kwenye kifuniko cha chupa, anamsubiri ameze, anamnyoosha ukosi wa gauni kama anayemtuma mtoto kwenye mtihani.

Nyumba ya mshonaji ina vyumba viwili. Cherehani iko chini ya dirisha, imefunikwa shuka. Juu ya shuka yapo madaftari ya watoto, chupa ya maziwa, na mkasi ambao hakuna aliyeuondoa mahali pake. Ukutani bado kumebandikwa vipimo vya sare ya mtoto fulani: bega, kifua, kiuno.

Mshonaji amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu anachomshikia mtu mwingine. Mtoto anatambaa kumwelekea mgeni kwa kasi, akitoa mate.

"Huyu akikuona anakuwa kichaa," anasema mshonaji. Maneno yake hutoka polepole tangu kiharusi, lakini yananyooka. "Karibu, mama. Leo umechelewa. Au Mama Mchana alikuwa anapiga soga?"

Mama Asubuhi hakai kwenye kigoda chake cha kila siku. Anakaa chini, sakafuni, anamchukua mtoto mapajani. Kisha anamrudisha chini, kama anayeona hafai kumshika kwa wakati huu. Mtoto anapanda tena.

"Mwanangu, leo sikuja kukunyoosha mkono. Nina maneno."

Anayasema yote, hadi barua aliyoliandikia baraza. Anaanza na asubuhi ya manyunyu na uzi mwekundu begani, na jinsi alivyoinua kiganja. Anaeleza tabia ya ile dawa na ini na vidonge, kwa lugha nyepesi, hatua kwa hatua, kama anavyoeleza wateja wake. Hajifichi nyuma ya kliniki wala ya Mama Mchana. Hataji nadhiri mpaka mwisho, na anapoitaja anasema tu: "Ndiyo iliyofanya nisitake kujua. Haikuniomba ninyamaze baadaye. Huko kunyamaza ni kwangu peke yangu."

Kisha anasema lile alilolijia. "Hukukosa hata kimoja. Nakuamini. Nimejua tangu siku ile kwamba unasema kweli, na nikakuacha uitwe mwongo."

Nje mtu anapita akisukuma baiskeli yenye mnyororo mbovu. Mlio unakuja, unapita, unaisha.

Mshonaji anautazama mkono wake. Anaunyanyua kwa mkono wa kushoto, anaugeuza, anauweka tena mahali pake.

"Mwaka mzima," anasema hatimaye, "nimekuwa nikilala nahesabu. Nasema, labda siku ile ya msiba wa shangazi. Labda siku niliyokuwa na homa. Nimejitafutia siku niliyokosa, ili angalau nijue nimejiua vipi. Nikafika mahali nikaamini. Nikaamini mimi ni mwongo bila kujijua."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na wewe unakuja hapa. Unaniosha nywele."

"Ndiyo."

"Toka basi," anasema mshonaji, lakini si kwa nguvu, na Mama Asubuhi anapojaribu kuinuka mtoto amemng'ang'ania gauni kwa mikono yote miwili. Wanawake wawili wanahangaika kumfungua vidole, mmoja kwa mkono mmoja. Mtoto anadhani ni mchezo. Anacheka.

Mshonaji anamvuta kifuani. Anainusa shingo yake.

"Huyu nampenda," anasema. "Usije ukasema kwa hao watu wako wa baraza kwamba simpendi. Lakini nilikuwa na mkono. Nilikuwa na mume. Nilikuuliza, mama. Mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Mama Asubuhi anatoa bahasha, anaiweka juu ya cherehani, karibu na mkasi. Anamweleza kwamba nakala nyingine ataipeleka kesho kutwa, ofisi zikifunguliwa, na kwamba hii ni yake, afanye nayo anavyotaka. Wanaweza kumfungia leseni mwaka, miaka, au moja kwa moja. Alichojiwekea ni kimoja: wakimwachia kazi au wasimwachie, kila duka la dawa la mtaa huu liwe na lile daftari, na awafundishe wasaidizi kuuliza lile swali. Anasema Mama Mchana atalibeba hata yeye asipokuwepo.

Mshonaji anasikiliza kwa nusu. Anaangalia mlango.

"Barua hawezi kuisoma," anasema.

"Nani?"

"Baba yao. Herufi ndogo zinamshinda, na watu wa kumsomea ataona nimewapanga. Karatasi haitamtosha." Anapumzika. Maneno mengi humchosha. "Anakuja na maji saa kumi na moja. Kabla ya saa kumi na moja na nusu ameshaondoka. Namsikia anavyoyaweka chini, polepole, ili tusiamke. Mimi huwa macho."

Mama Asubuhi anasimama mlangoni, mkoba mikononi, hajui kama anafukuzwa au anazuiwa.

"Sijakusamehe," anasema mshonaji. "Sijui kama nitaweza. Usiniulize."

"Sitakuuliza."

"Lakini kesho uje tena. Uje alfajiri, ukae hapo kwenye kizingiti, akute mtu. Umwambie kama ulivyoniambia mimi, kwa mdomo wako, usipunguze hata neno." Mkono wa kushoto unamvuta mtoto karibu zaidi. "Na asipokuamini kesho, mama, uje na kesho kutwa."